Miaka Miwili ya Kutunza Kilima Kisichokuwapo

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, meno yote yako mahali pake na mgongo haujapinda, lakini kazi imekwisha, na ufunguo wa chumba cha jiografia nimeurudisha mbele ya mashahidi wawili. Watu wazima wakistaafu huandika kumbukumbu zao ili vijana wajifunze. Mimi naandika kwa sababu hiyo hiyo, na pia kwa sababu Mwalimu Odama amesema nisipoandika makabidhiano kamili nitakosa chakula cha Jumamosi. Chakula chenyewe ni maharagwe yenye wadudu, lakini ni wadudu niliowazoea.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa kusini, anaisoma lugha hii kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mpaka afike ukurasa wa tatu nitakuwa nimefanya mtihani wangu na kuondoka Arua.

Nyinyi wa kidato cha pili mtakaonirithi mtasikia mengi juu ya kilima kiitwacho Lokapu, upande wa Koboko. Wako watakaowaambia kwamba kilikuwapo kikaisha. Wako waliopata alama za mtihani kwa ajili yake, na hao watakitetea mpaka kaburini. Mimi ndiye niliyekitengeneza, na ndicho kilichokaribia kumnyima haboba wangu maji ya kunywa. Haboba, kwa sisi Wanubi, ni bibi. Huyu ni mama yake mama yangu, Haboba Zaina, anakaa kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Koboko mjini. Basi someni polepole.

Juu ya vyeo vyangu sitasema neno. Kilikuwa kimoja, nilianza nacho na nimemaliza nacho: Mtunza Modeli. Mshahara wangu ulikuwa kukaa ndani kivulini wenzangu wakifyeka uwanja.

Siku ya kwanza kazini nilifikishwa kwa kushikwa sikio. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Mwalimu Odama wa jiografia alinikuta mbele ya darasa nikitembea kama yeye, tumbo mbele, rula mgongoni, nikiwaambia wenzangu kwamba dunia ni duara ila pale anapokaa mwalimu mkuu. Hakunipiga. Alinivuta mpaka chumba cha mwisho, akafungua mlango, akaniambia, "Wewe una maneno mengi, sasa utapata mikono mingi. Tunatengeneza West Nile."

Alimaanisha hivyo hasa. Juu ya meza ya mpira wa meza alitaka mkoa wetu mzima, pembe hii ya Uganda, milima na mito yake yote, uwe tayari kabla mkaguzi wa shule hajafika mwisho wa muhula. Hakuna aliyelilia meza. Mipira yake ilikuwa imepasuka yote, na dukani mipya ilikuwa imekwenda ilikokwenda sukari.

Kazi yenyewe hufanywa hivi, na mwangalie msije mkajifanya mnajua. Unachukua ramani yenye mistari ya mwinuko. Kila mstari unaunakili kwenye boksi gumu, unalikata kwa kisu, unalipanga juu ya lenzake mpaka mlima uonekane kama ngazi. Halafu unaloweka magazeti ya zamani siku mbili, unayaponda, unayachanganya na uji wa muhogo, unafunika zile ngazi. Uji usitiwe chumvi. Mkitia chumvi mtaula, sisi tulikula Arua yote mpaka Ediofe na ikabidi tuanze upya. Magazeti pia msiyasome wakati wa kuyaponda, yanachelewesha kazi, na habari zake ni zile zile.

Kisha kuna kanuni ya mara kumi. Ukipima milima yetu kwa haki, juu ya meza inakuwa kama upele, hakuna atakayeshangaa. Kwa hiyo Mwalimu Odama aliamuru urefu wote uzidishwe mara kumi. Mlima Wati ukawa mkuki. Mlima Liru ukawa jino la mamba. Vilele tulivipaka chokaa kwa sababu kitabu cha Kiingereza kilikuwa na picha ya milima yenye vilele vyeupe. Mvulana mmoja wa Aroi, ambaye hajawahi kusafiri kaskazini ya shamba la baba yake, aliitazama modeli ikiwa tayari akaapa kwamba Koboko hatakwenda hata kwa dawa. Watu wa huko, alisema, lazima wawe na kwato.

Mwalimu Odama namheshimu, msiseme nimesema vingine. Ni mtu mwema, huwanunulia daftari wasio nazo. Kiingereza ndicho lugha yake ya kufundishia na Kiswahili ndicho lugha yake ya kukasirikia. Ila alikuwa na nadharia, na mtu mwenye nadharia moja ni kama mtu mwenye kofia moja, ataivaa harusini na kuogea nayo. Nadharia ilikwenda hivi: maji hufuata mteremko, watu hufuata maji, maduka hufuata watu, serikali hufuata maduka. Ukiijua sura ya nchi, alisema, umejua yote yanayotokea juu yake.

"Na magendo, mwalimu?" niliuliza. "Yale malori ya mpakani Vurra yanayokwenda Zaire na kahawa, yanafuata mteremko?"

"Toka nje."

Nikatoka. Nilijifunza hapo kwamba nadharia ina mlango, na maswali hupitia huko.

Mwalimu wangu wa pili kazini hakuwa na cheti. Mzee Bilali ni fundi seremala wa shule, Mnubi kama mimi, alikuwa askari wa Mwingereza na alipigana Burma. Kiswahili chake ni cha kambini mpaka leo. Alikuja kutengeneza mguu wa meza, akasimama akiitazama West Nile yetu muda mrefu huku misumari ikiwa mdomoni.

"Sisi pia ilikuwa na kitu kama hii," akasema. "Ofisa anaweka mchanga kwa meza. Hapa mlima, hapa mto, hapa adui. Anasukuma sisi na fimbo. Kwa mchanga tunashinda vita mbele ya chai."

"Na Burma yenyewe, mzee?"

"Burma iko matope." Akatoa msumari mdomoni. "Matope hapana kuwa kwa meza. Nani atakubali kuchafua meza?"

Sasa tufike kwenye kosa. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja nilitumwa kufagia chumba. Katika kufagia, sufuria ya uji na magazeti iliyobaki ikanitoka mkononi, bonge likadondoka juu ya modeli, upande wa Koboko, pale pale kwa haboba wangu. Mtu mwenye akili angelifuta. Mimi niliona wenzangu wako uwanjani wanacheza mpira, nikasema nitalifuta baadaye. Baadaye lilikuwa limekauka, na uji wa muhogo ukikauka unakuwa jiwe. Kisu kilivunjika ncha. Kwa hiyo nilifanya walivyofanya wakubwa wangu wote waliokuta kitu kibaya mahali pasipotakiwa: nilikipaka rangi.

Mwalimu Odama aliingia jioni kukagua. Akazunguka meza mara mbili, akasimama Koboko.

"Hiki nini?"

"Kilima, mwalimu."

"Kinaitwaje?"

Nilitazama huku na huku. Kando ya mlango palikuwa na kapu la magazeti. "Lokapu," nikasema.

Mwalimu Odama ni Mlugbara wa karibu na mji. Lugha ya Wakakwa, wenyeji wa Koboko, hajui, na Koboko alikuwa amepita mara moja tu, ndani ya basi, usingizini. Mtu kama huyo ana njia mbili: aulize, au aitikie kwa kichwa. Akaitikia kwa kichwa. "Lokapu. Ndiyo, ndiyo. Umekipa mteremko mzuri."

Mkaguzi kesho yake alikipenda Lokapu kuliko milima yote. Alisema kinaonyesha uangalifu, kwa kuwa hata ramani ya serikali haina kilima kile. Aliandika hayo kwenye ripoti yake, na ripoti ikapigwa mhuri, na mhuri ukifika mahali, mimi nani tena.

Mwaka uliofuata Lokapu kikaingia kwenye mtihani. Swali la nne: chora ramani ya Koboko, onyesha vilima vyote. Binamu yangu Taban alikuwa kidato cha kwanza. Taban amezaliwa katika kijiji kile cha haboba, amechunga mbuzi pale, amekimbizwa na nyuki pale. Alichora mahali pote vizuri. Akakatwa alama tano. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nazaliwa hapo. Hapana kilima."

Mwalimu Odama akavua miwani yake, akaifuta kwa tai. "Taban, umewahi kukitazama kilima ukiwa umesimama juu yake?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi. Mtu aliye juu ya kilima hakioni kilima. Nyinyi mnaishi juu yake."

Darasa zima likapiga makofi. Mimi pia, niliyekuwa mle chumbani kutunza modeli, nilipiga, naungama. Ilikuwa hoja tamu. Tangu siku hiyo kila mtu wa Koboko aliyesema hajakiona Lokapu akawa ushahidi mwingine kwamba Lokapu kipo, na ni kipana sana.

Taban alinifuata nje. Jasho lilikuwa linamtoka. "Ndugu, wewe ulikuja kwetu Idi. Ulikiona?"

"Nilikuwa nimeshiba, sikutazama."

"Tuko juu yake?"

"Ndivyo anavyosema."

Akafikiri. "Ndiyo maana mpira wetu unapotea sana," akasema. Mjue kwamba huyu ni kijana aliyezaliwa pale, na kumshawishi kulichukua dakika tano tu.

Ningestaafu hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini mwezi wa kumi wa mwaka huo akaja Bwana Maji. Hilo ndilo jina tulilompa, mkubwa mmoja wa ofisi ya maji, suruali pana chini, kalamu nne mfukoni. Ofisi yake ilikuwa na ramani nzuri ndani ya kabati la chuma, lakini karani aliyekuwa na ufunguo alikuwa Mhindi, na mwaka wa sabini na mbili aliondoka na wenzake wote, na wakati wa kuwahimiza kwenda hakuna aliyekumbuka kuuliza ufunguo. Kwa hiyo Bwana Maji alikuja kutazama modeli yetu.

Alisema mashine ya kuchimba inakuja msimu wa kiangazi. Upande wa Koboko umepewa kisima kimoja cha pampu, na pa kukiweka ni pawili: ama kijiji cha Haboba Zaina, ama karibu na soko ambako tayari kuna pampu. Aliinama akaitazama modeli. Akaweka kidole juu ya Lokapu.

"Huku nashindwa," akasema. "Lori ya mashine iko tani nyingi. Mlima kama hii haitapanda."

"Ni mara kumi, bwana," nikasema haraka. "Urefu umezidishwa."

"Hata ukigawanya na kumi, iko kilima."

Mwalimu Odama alikuwa anang'aa kama sufuria mpya. "Na kwa nadharia, bwana," akasema, "maji yatakuwa bondeni, si kileleni."

Wakaandika: sokoni. Dakika saba, pamoja na chai.

Sikulala vizuri muhula huo, na likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilipelekwa Koboko kwa haboba kama kila mwaka. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Kijito cha karibu kilikuwa mchanga mtupu. Dada yake Taban, Safi, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa anaondoka kabla ya alfajiri na mtungi, anachimba kwenye mchanga wa kijito cha mbali, anangoja maji yajikusanye, anarudi jua likiwa utosini. Shule alikuwa ameiacha. Haboba alikuwa ameanguka njiani na mtungi wake wiki mbili kabla, na sasa alitembea akishika ukuta.

"Watu wa maji walisema wanakuja," aliniambia. "Halafu wanasema kwetu iko mlima. Rajabu, wewe nasoma. Mlima iko wapi?"

Nilimvutia kigoda akae.

"Labda iko chini," akasema haboba, akicheka. "Mimi mzee, macho imeisha."

Hapo ndipo kicheko kilipohama tumboni mwangu na hakikurudi mpaka mwezi wa tatu.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa Mwalimu Odama nikaungama. Nilimweleza sufuria, bonge, kisu, kapu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza:

"Rajabu, wewe nakufahamu. Mzaha umekuzidi. Lakini kilima chenye mteremko mzuri vile wewe huwezi kukibuni."

"Mwalimu, ni uji wa muhogo!"

"Kimo kwenye ripoti ya mkaguzi."

"Mkaguzi alikitoa wapi? Kwetu!"

"Kimo kwenye mtihani."

"Mtihani uliutunga wewe!"

"Toka nje."

Nikaenda ofisi ya maji. Bwana Maji hakukasirika. Aliniambia kilima kimeshaingia kwenye faili, na kwamba kukiingiza kulihitaji barua, hivyo kukitoa kunahitaji barua, yenye sababu, kutoka kwa aliyekiingiza. "Mtoto wa shule hawezi kutoa kilima kwa mdomo," akasema. "Leo wewe natoa kilima, kesho mutu atakuja kutoa mto."

Mnaona nilipofika. Nilitengeneza kitu kwa dakika moja kwa uzembe, na sasa nilikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kusema hakipo. Haboba wangu angekunywa maji ya mchanga kwa sababu nilitaka kucheza mpira. Na hata timu yangu ilifungwa siku ile.

Mzee Bilali ndiye aliyenitoa. Nilimkuta anapiga randa mbao, nikamweleza yote. Hakushangaa hata kidogo.

"Wewe napigana na mwalimu kwa meza yake," akasema. "Kwa meza yeye nashinda kila siku. Peleka yeye kwa matope."

"Sasa ni kiangazi, mzee. Hakuna matope."

"Basi kwa vumbi."

Jioni hiyo Mzee Bilali alimfuata Mwalimu Odama akamwambia kwamba wapo watu mjini wanaosema Lokapu si kirefu kama modeli inavyoonyesha, na kwamba mwalimu angepima mwenyewe angewanyamazisha. Uongo? Sijui. Kama mtu mmoja ni watu, basi ni kweli. Mwalimu Odama alimeza ndoano mpaka kwenye fimbo. Jumamosi asubuhi tulikuwa watatu juu ya lori la mihogo mikavu, tunakwenda Koboko kupima.

Chombo chetu kilikuwa cha Mzee Bilali, na naomba mkitunze, kiko nyuma ya kabati. Ni mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Mmoja anashika ncha moja, mwingine anakwenda mbali na ncha ya pili, na maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja hata mkibishana nayo. Ukiyalinganisha na vijiti vyenye alama unajua ardhi imepanda au imeshuka kiasi gani. Mafundi hutumia kwa msingi wa nyumba. Mzee Bilali alituambia njiani, "Maji hapana soma kitabu. Haiko na haya ya mwalimu."

Tulianzia barabarani, tukapima kuelekea kijijini, hatua kwa hatua, mimi mbele, mwalimu nyuma na daftari. Mara ya kwanza ardhi ilipanda kiganja kimoja. Mwalimu akatabasamu. Mara ya pili ikashuka kiganja. Mara ya kumi tulikuwa tumepanda kiasi cha kimo cha mbuzi. Mara ya ishirini mbuzi akawa mdogo. Jua lilikuwa kali, watoto walikuwa wametuzunguka, na mwalimu alikuwa ameacha kuandika.

"Tumekosea njia," akasema. "Kilima kiko mbele."

"Mbele iko nyumba ya Haboba Zaina," Mzee Bilali akasema.

Haboba alikuwa ameketi nje, mguu umenyooshwa. Nilimsalimu, nikamwambia huyu ni mwalimu wangu. Alitaka kusimama, mwalimu akamzuia.

"Karibu, mwalimu. Nyinyi natafuta nini na hii mpira?"

"Kilima, mama."

"Ya nani?"

Mwalimu Odama aligeuka polepole, akatazama mashariki, akatazama magharibi. Kwa mbali Mlima Liru ulionekana, wa kweli, mdogo na wa bluu, bila chokaa. Kati yetu na huo palikuwa na nyasi kavu na mbuzi, tambarare mpaka macho yachoke.

Safi alitoka ndani na kibuyu. Mgeni ni mgeni, na mgeni hupewa maji hata kama nyumbani hayapo. Mwalimu alishukuru akanywa yote kwa pumzi moja, alikuwa na kiu ya njia nzima. Kisha akaona kilichobaki ndani ya kibuyu, mchanga wa rangi ya chai.

"Maji haya mnachota wapi?" akauliza.

"Kule," Safi akaelekeza kwa kidevu.

"Kule wapi?"

"Pale miti inaisha, halafu mbele tena."

"Saa ngapi umekwenda?"

"Wakati jogoo bado. Sasa tu ninarudi."

Mwalimu akatazama kibuyu kitupu mkononi mwake. Akaniangalia mimi. Sijawahi kupigwa na mwalimu huyu, lakini siku ile nilitamani anipige, ingekuwa nafuu. "Uji wa muhogo," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kapu."

"Ndiyo, mwalimu."

Juu ya lori la kurudi nilidhani ananiandalia barua ya kufukuzwa. Jumapili baada ya misa akaniita chumba cha jiografia. Mbele yake palikuwa na karatasi nne zilizokunjwa na moja iliyonyooka.

"Nikiwaandikia watu wa maji kweli," akasema, "kwamba tulisifu uvimbe wa gundi, nani mjinga wa kwanza?"

"Mimi, mwalimu."

"Wewe mzembe. Mjinga wa kwanza mimi, na hilo nimelimeza. Wa pili mkaguzi. Wa tatu Bwana Maji. Na hao wawili wana magari ya serikali, Rajabu. Miaka hii mtu mwenye gari hapendi kuwa mjinga." Akasukuma ile karatasi iliyonyooka. "Soma."

Ilikuwa kwa Kiingereza, nawatafsiria. Baada ya kufika na kupima kwa chombo, ilisema, imebainika kwamba kilima kiitwacho Lokapu kimepatwa na mmomonyoko mkubwa wa udongo, hata kimefikia usawa wa ardhi inayokizunguka, na hakizuii tena gari la uzito wowote. Chini yake alikuwa ameweka jedwali la vipimo vyetu vyote, hata vile vya mbuzi, na sahihi yake.

Nilisoma mara mbili. "Mwalimu, kilima kizima? Ndani ya miaka miwili?"

"Kimesimama miaka miwili kwa karatasi bila kumwomba mtu ruhusa. Kitalala kwa karatasi vilevile." Akafunga bahasha. "Na wewe kuanzia leo umestaafu. Lete ufunguo."

Bwana Maji aliisoma barua nikiwa nimesimama mbele yake. Uso wake ukafunguka kama mlango. "Hii sasa ndiyo kitu," akasema. "Wewe ulikuja hapa na maneno. Hii iko sayansi." Akapiga mhuri.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kama mlitaka funzo la utumishi wangu, lichukueni hapo, mimi sina nguvu ya kulieleza. Kweli niliipeleka kwa mikono yangu ikakataliwa kwenye milango miwili. Nadharia nyingine ilipokwenda imevaa tai, ikapewa kiti.

Mashine ilikuja mwezi wa tatu. Lori lilifika mpaka mlangoni kwa haboba bila kuhema. Walichimba siku tatu, yakatoka matope mekundu, yakatoka maji ya kahawia, siku ya nne yakatoka maji ambayo Safi aliyatazama kwanza kabla ya kuyagusa. Tuliomba ruhusa shuleni, tukaja mimi, Taban, Mzee Bilali na Mwalimu Odama, ambaye alisimama nyuma kabisa ya watu.

Bwana Maji alipanda juu ya ndoo akahutubia. Alieleza shida iliyokuwapo, ugumu wa mahali hapa, mlima uliozuia maendeleo tangu zamani. "Lakini leo," akasema, "serikali yenu imeondoa huo mlima!"

Watu walitazamana. Kisha mmoja akapiga makofi, na wote wakapiga, kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka na hakuna aliyetaka kuyaudhi. Taban alipiga kuliko wote. Haboba Zaina, akiegemea bega langu, alipiga mpaka shuka lake likamteleza. Halafu akaninong'oneza, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli:

"Rajabu, hii mlima walitoa hapa, wanapeleka kwa nani?"

Nilishika mkono wa pampu, nikamjazia debe.